Sauti ya Kaka Ilitangulia, Picha Ikafuata

Umoja, Nairobi

Mama mpendwa,

Hamjambo hapo nyumbani? Goti lako linaendeleaje tangu mvua zianze? Mimi ni mzima, ila leo naandika mbiombio kwa furaha, kwa hivyo univumilie mwandiko.

CD ya video aliyojirekodi Kaka Musyoka imefika kutoka Kanada. Nilipomaliza kufundisha darasa la taipu, nilimwomba Mwalimu Njoroge, mwenye chuo chetu cha kompyuta, niitazame kwa mashine moja. Nikaitia. Kioo cha mashine kikabaki cheusi, sauti ikakatikakatika: "Ma... ni mi..." Kisha kimya.

Mama, niliogopa. Miaka sita hatujamwona, na unajua yanayosemwa sokoni, kwamba mwanao ni mgonjwa na anatuficha.

Nikaipangusa CD kwa kitambaa laini. Wapi. Nikaona labda mashine inaisoma polepole, afadhali niinakili ndani ya kompyuta yenyewe. Nafasi ilikuwa imejaa, ikabidi Mwalimu aniruhusu kufuta michezo ya wanafunzi. Sasa sauti ikatoka safi: "Mama, ni mimi Musyoka." Lakini kioo kilibaki cheusi tititi.

"Mutheu, hiyo mashine imezeeka," Mwalimu akasema. "Si umemsikia? Yatosha."

"Haitoshi, Mwalimu. Mama ataniuliza kama amekonda."

Akacheka, akavuta kiti. Ndipo akakumbuka kwamba mashine ile iliingiwa na virusi, ikafutwa yote, na programu ya kuendesha picha haikurudishwa. Tukapekua droo zote hadi tukapata disketi yake. Nikaiingiza programu, nikazima, nikawasha.

Mama, hajakonda. Ana mashavu kama ya Baba. Mkewe ameketi kando yake, na magotini amempakata msichana mdogo ambaye Kaka hakuwahi kutuandikia habari zake. Kaka anamuuliza kwa Kikamba, "Unaitwa nani?" Mtoto anatazama moja kwa moja mbele, anasema, "Kalekye."

Jina lako, Mama. Mwalimu aliniachia chumba nilie.

Njoo Jumamosi. Mashine hiyo imewekwa kando, haiguswi na mtu.

Umsalimie Mjomba Mutua, fundi wetu wa vinyago, na Shangazi Mbithe wa kwaya. Shangazi akienda sokoni, asinyamaze kuhusu Kaka.

Ni mimi bintiyo, ambaye sasa ni shangazi,
Mutheu