Siku Niliyomweka Hatibu Benchi

Mwalimu,

Shikamoo. Nakuamkia hata kama huitikii, siwezi kuanza bila hiyo.

Tumeingia fainali. Nilitaka nitangulize habari za nyumbani, nimeshindwa. Timu yako ya Kwamndolwa, uliyomwachia msaidizi wako mwoga, iko fainali.

Lakini kuna jambo nataka ulisikie kwangu mwenyewe. Nilimweka mwanao benchi.

Usikasirike kwanza. Robo fainali tulipangiwa Kang'ata, kwao. Unaujua uwanja ule, mgumu kama sakafu, mpira ukidunda unakupita kichwani. Nao wale jamaa warefu, wanacheza mipira ya juu tu. Hatibu ni fundi wa mpira wa chini, pale angehangaika bure. Wewe ulisema siku zote, "Timu inayoshinda haibadilishwi." Sawa, Mwalimu. Ila kila mwaka tulikwenda Kang'ata na walewale, tukarudi tumefungwa.

Nikabadilisha wanne. Nilipomaliza kutaja majina, Hatibu alivua kitambaa cha unahodha akanikabidhi.

"Kaka Salehe, arobaini ya baba haijafika, ushaanza kubomoa nyumba yake?"

Yaliniingia maneno yale. Nusura nimrudishe. Nikamwambia, "Mdogo wangu, mechi ya leo si yako. Tukipita hapa, inayofuata ni yako."

Tukashinda moja bila, kwa kichwa, mpira wa kona. Watu waliruka mpaka nikapoteza kiatu kimoja. Hatibu hakushangilia.

Nusu fainali ikawa Mombo. Wale wanapiga pasi fupi fupi, na uwanja wao una nyasi nzuri. Nikawarudisha wote wanne, mashujaa wa Kang'ata wakakaa benchi, wakanuna na wao. Mpaka mapumziko tumefungwa moja. Mama Hatibu yuko eda, alikuwa anafuatilia kwa simu kupitia jirani tuliyekuja naye uwanjani, na jirani akaniambia mama ameacha kuuliza.

Kipindi cha pili Hatibu akasawazisha. Dakika za mwisho akawapita mabeki wawili kama vile hawapo, akafunga la pili. Akaja mbio moja kwa moja kwangu, Mwalimu. Akanikumbatia, jasho na machozi, na mimi nalia mbele ya watu wote wale.

"Kaka, fainali unanipanga?"

"Sijui. Ngoja tujue tunacheza na nani."

Akacheka. Tangu tukuzike, sikuwa nimemwona akicheka.

Pumzika, Mwalimu wangu. Fainali ni Jumamosi, Handeni mjini. Nakuahidi Hatibu nitamshika kama mdogo wangu wa tumbo moja, awe uwanjani au benchi. Asubuhi, kabla hatujapanda gari, nitapita kaburini nikusomee majina kumi na moja. Utayasikia kabla yao.

Msaidizi wako,
Salehe