Radhi ya Bibi na Honi ya Khalidi

Faisal, Khalidi nitamla mbichi. Wallahi tena.

Unaikumbuka ile klipu ya marehemu bibi akimpa dada yangu Bushra radhi? Ilikuwa moja tu duniani, kwenye simu yangu. TV yetu hapa Kiseke ikagoma kuisoma, nikampelekea simu Khalidi, yule fundi wa Mkolani, aibadilishe hiyo klipu.

Leo kwenye sendofu ya kumuaga Bushra kabla ya harusi, sebule nzima kimya. Bibi anatokea: "Mjukuu wangu, nakupa radhi..." Mara honi kama ya kivuko cha Kamanga! "KHALIDI MITAMBO, MKOLANI, BABA LAO!"

Juu ya sauti ya bibi! Faisal, JUU YA SAUTI YA BIBI!

Wageni wakacheka. Bushra akalia.

Nampigia Khalidi, eti: "Ile nembo yangu, mwana. Wasije wakaiba kazi."

"Nani amwibe bibi yangu, we kichwa cha samaki furu? Nipe ile ya mwanzo!"

"Nilifuta. Simu yako ilikuwa imejaa."

NILIFUTA!

Sasa Bushra kajifungia chumbani, anairudia tu. Bibi anaanza, Khalidi anaingia. Ananiita mlangoni: "Kaka, niwekee ile isiyo na honi."

Nimesimama hapa nje, nakuandikia wewe.