Robo Saa Hadi Homa Bay

Jumapili jioni

Mwanangu Ochi amelala sasa hivi, mikono ameinyoosha kama ndege. Nikiikunja, anainyoosha tena.

Nilimwambia kwamba baba yake anafanya kazi uwanja wa ndege wa Homa Bay. Sikumwambia kazi yenyewe ni kukata nyasi. Leo tukitoka kanisani, ndege ndogo ya wakubwa ikatua hapa Migori. Ochi akakimbia hadi kwenye ua wa waya wa uwanja akiita, "Baba! Baba!" Wakashuka wanaume wa suti, wote wakampita.

Mlinzi akacheka. "Kijana, baba yako ni yupi hapa?"

Mimi sikucheka. Nikamuuliza, ndege hiyo ikienda Homa Bay inachukua muda gani?

"Robo saa tu, dada. Huko juu ni kama kilomita sitini, haina kona."

Robo saa! Maharagwe hata hayajachemka. Na Baba Ochi hajaja tangu tupande mahindi, sasa tumeshavuna. Mimi nilikuwa nahisi ni kama ameenda ng'ambo.

Ndege ya watu kama sisi hakuna. Lakini barabara ya kwenda huko kupitia Rongo iko. Shida ni kwamba hapa kwao Baba Ochi, bibi haondoki bomani kumfuata bwana mpaka mama mkwe akubali, na naogopa kumuuliza. Akikataa, nitabaki na nini cha kungojea?

Mama mkwe huyo anaita kutoka jikoni. "Nyar Uriri! Kuja, chakula inapoa." Ndivyo anavyoniita, binti wa Uriri, maana ndiko kwetu.

Naenda. Nitamwambia kabla sijakaa. Nitasema, Mama, mimi na Ochi tunaomba ruhusa ya kwenda Homa Bay.