Tangi la Baba kwenye Pikipiki ya Shemeji

Jumapili jioni, Kasulu. Mvua ilinikuta Makere ikanisindikiza mpaka nyumbani, na suruali niliyoitundika mlangoni bado inachuruzika. Ukungu umeshuka hata paa la jirani silioni. Mwili umechoka, lakini mwili utapona kesho.

Leo nimemwonea wivu mume wa mdogo wangu. Nilianza saa tatu asubuhi na sina hakika kama nimemaliza.

Wanaosoma hapa siku zote wanaijua kruza yangu, pikipiki ya kukaa chini, miguu mbele, usukani umepanda kama pembe za ng'ombe wa kwetu. Niliinunua ikiwa imechoka. Mchana nauza dawa famasi, jioni niko uani na msasa, na sasa ni mwaka wa pili. Nimekata fremu ya nyuma ili siti ishuke, nimebadilisha madigadi, nimeinua usukani, ekzosi nimeipaka rangi mara tatu mpaka ikakubali. Majirani walishachoka kushangaa mwanamke mwenye spana.

Kazi hii nilifundishwa na baba. Ni fundi pikipiki kule Murungu tangu sijazaliwa, na alinifundisha kusikiliza injini kabla sijajua kupika maharage yakaiva. Lakini kruza yangu hajawahi kuigusa. Kila nikienda nayo anaizunguka mara moja, mikono nyuma, anasema "Sawa," kisha ananiuliza kama nimekula. Miaka miwili yote, neno ni hilo moja.

Halafu kuna tangi. Pikipiki ya zamani ya baba ilifia chini ya upenu wa jiko, ila tangi lake ni zima, chuma kizito cha duara, la aina ambayo siku hizi huipati hata ukizunguka maduka yote ya Kasulu na Kibondo. Utotoni nilikuwa nakaa juu yake mbele ya baba, nimeshika usukani kati ya mikono yake. Nimemwomba mara tatu anipe nilifunge kwenye kruza yangu. Mara zote tatu alisema bado analifikiria.

Leo nimefika Murungu nikalikuta limefungwa kwenye pikipiki ya Eliya.

Eliya ndiye aliyemuoa mdogo wangu Ansila. Anafanya biashara ya maharage Kibondo mjini, mpole, anaongea kama anaogopa kumwamsha mtu. Na yeye amenunua kruza. Sitasema ameniiga, ingawa ameniiga. Wamelala pale tangu juzi, baba akiitengeneza, na nilipofika alikuwa analifuta lile tangi kwa kitambaa, limepakwa rangi nyekundu iliyoiva. Usukani nao wameuinua, juu kuliko wangu.

Nikawasalimia, "Mwakeye," kwa sauti ambayo hata mimi sikuijua. Eliya akainuka na kuinamisha kichwa kama ilivyo desturi yake. Akanieleza kwamba tangi lake lilikuwa linavuja, na kabla hajaomba chochote baba akamwambia achukue lile.

Kabla hajaomba. Roho iliniuma mpaka nikasikia ladha yake mdomoni.

Najua kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Anapakuliwa wa kwanza, hanyimwi kitu, na yeye hamkatalii wala hamkosoi baba mkwe hata siku moja. Yote hayo nayajua. Lakini mimi ni mtoto wa kuzaa, na niliomba mara tatu.

Baba na Eliya wakaenda kwa jirani kurudisha mashine ya kuchomelea. Mama na Ansila walikuwa jikoni. Nikabaki uani na ile pikipiki, nikaanza kuikagua, na nikiri kabisa kwamba nilikuwa natafuta kasoro. Nikaipata. Nikageuza usukani kushoto nikaona waya wa mafuta, ule unaotoka kwenye mkono wa kulia kwenda kwenye kabureta, umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Usukani umepanda na tangi ni nene kuliko la kwanza, lakini waya ni uleule wa kiwandani. Nikawasha injini nihakikishe. Usukani ukinyooka, inanguruma taratibu. Ukikata kushoto mpaka mwisho, inajipiga resi yenyewe bila mkono wa mtu.

Kosa hilo nalijua kwa goti langu. Mwaka jana niliinua usukani wangu nikasahau waya, na kwenye kona ya kwanza pikipiki ilinirusha katika mihogo ya jirani. Nilichechemea wiki nzima.

Nikazima injini. Na nikafurahi.

Nimeiandika ilivyo. Nilifurahi kwamba baba amekosea, na amekosea kwenye pikipiki ya Eliya, kwa tangi langu.

Nilijiambia nitasema wakirudi. Wakarudi, nikasema moyoni nitasema tukishakula. Kwenye chakula baba akamsogezea Eliya bakuli la nyama, akawa anasimulia jinsi walivyohangaika kupata sehemu ya kufungia tangi, anacheka. Mimi sijamwona baba akicheka hivyo kwa pikipiki yangu. Katikati ya kicheko akanigeukia.

"Umeiangalia ya shemeji yako?"

"Kidogo."

"Unaionaje?"

Nikamwambia, "Sawa."

Nililitamka kama anavyolitamka yeye. Sijui kama alielewa kwamba namrudishia. Alichovya ugali akaendelea kula, na mimi nikajiona mjanja kwa muda wa kama tonge mbili.

Nimekuwa nikijitetea njia nzima, kwamba nilitegemea imwaibishe tu Eliya kidogo, ijipige resi mbele ya vijana wa bodaboda wamcheke. Lakini nilijua Ansila atapanda nyuma. Nilijua walikuja pamoja na wataondoka pamoja, na mtoto wao wa miezi saba.

Saa saba wakaaga. Ansila akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge, akapanda. Pale nyumbani ukitoka uani unakata kushoto mara moja, na upande wa kulia kuna shimo tulilochimba udongo wa matofali. Nilikuwa nimesimama hatua tano kutoka kwao. Eliya akawasha, akaweka gia, akanyoosha, akakata kona.

Injini ikalia, pikipiki ikaruka mbele. Eliya akabana klachi na breki kwa pamoja, ikayumba, ikalala upande wa kulia taratibu kama ng'ombe anayejilaza. Ansila alijikunja mbele ili asimlalie mtoto. Mtoto hakupata kitu zaidi ya kulia. Ansila shavu la mguu lilibanwa kwenye ekzosi ya moto, likaungua.

Shimo lilikuwa umbali wa mkono mmoja.

Tukainua pikipiki, tukamkalisha Ansila. Mama alishakimbilia dawa ya meno ampake, nikamzuia. Nikammwagia maji safi muda mrefu, nikafunika kidonda kwa kitambaa safi, mikono yangu ikifanya kazi vizuri kabisa, ya mtu mwema. Kidonda ni kama kiganja. Alikuwa ananishukuru huku anang'ata meno.

Baba alichuchumaa kwenye pikipiki, akageuza usukani kushoto, akashika ule waya kwa vidole viwili.

"Mfupi," akasema.

Eliya alikuwa anatazama chini. "Baba, niliisikia asubuhi tulipoijaribu. Inapanda yenyewe kwenye kona. Nikaona haya kusema."

Kwa hiyo na yeye alijua. Alijua akampakia mke na mtoto wake, kwa sababu mkwe hawezi kumwambia baba mkwe kwamba kazi yake ina kasoro. Ningeweza kumcheka. Ila yeye alinyamaza kwa heshima. Mimi sina cha kusingizia.

Baba akaenda kukaa kwenye jiwe la kunolea panga. Nilidhani atafoka. Badala yake akafuta mikono, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Mimi nimezeeka," akasema. "Kuanzia leo pikipiki ya mtu wa nyumba hii inapita kwanza kwa Editha. Hii ameiangalia kwa macho tu. Angeiwasha, angesikia. Huyu anasikia injini kuliko mimi nilivyokuwa nikisikia nikiwa kijana."

Wote wakanitazama. Ansila, mguu juu ya kigoda, akanitabasamia. Eliya akaitikia, "Kweli, baba." Nilichokingoja tangu nikiwa na miaka kumi kilisemwa mchana kweupe, mbele ya mashahidi.

Nikasema, "Asante, baba."

Hakuna nilichoongeza. Nilikuwa na nafasi pale, kimya kilikuwa kirefu cha kutosha, hata mtoto alikuwa ameacha kulia. Nikakitumia kukunja kitambaa.

Eliya na Ansila wamelala Murungu tena, pikipiki haitembei mpaka ipate waya mrefu. Mimi nilisema niwahi kabla ya mvua. Baba akaja kuniaga, na kwa mara ya kwanza akaishika kruza yangu. Akapitisha mkono kwenye siti, akabonyeza shokapu, akauliza nimeushushaje mkia ule bila kuiharibu fremu. Nilimjibu.

Mama akanisindikiza mpaka barabarani. Alinipa ndizi za kupika kwenye mfuko, akanisaidia kuzifunga nyuma ya siti. Kisha, huku anakaza fundo, bila kuniangalia:

"Asubuhi niliisikia ikilia, nikiwa jikoni, mdogo wako ameenda kumlaza mtoto. Taratibu, halafu kwa nguvu, halafu taratibu. Nikasema moyoni, Editha anaijaribu, atamwambia baba yake."

Akaniambia nipite salama, nisiendeshe kwa kasi kwenye tope, akageuka kurudi.

Hapa ndani nina waya mrefu wa akiba, niliununua ule mwaka wa goti. Jumamosi narudi Murungu kuufunga kwenye pikipiki ya Eliya. Nitamkalisha baba pembeni nimwambie kwamba niliiwasha, kwamba nilisikia, na kwamba bado nilimjibu "Sawa." Pengine atanyamaza. Pengine hataigusa tena kruza yangu mpaka anakufa. Nitamwambia Ansila pia, na huyo ndiye ninayemwogopa zaidi, maana atanisamehe pale pale.

Nimeamua, na nikiamua huwa natenda. Lakini nimekaa hapa na chai iliyopoa, najiuliza swali moja, na jibu lake silipendi.

Mama asingekuwa jikoni, ningekuwa na mpango wowote wa kumwambia mtu?