Mahindi Aliyokatazwa Mama

Mwanza, 4 Machi 2024

Baba, shikamoo. Mimi mzima, ya nyumbani siyajui. Simu zangu hupokei, kwa hiyo naandika.

Uvimbe kwenye titi la Mama ni saratani. Daktari wa Tabora alishasema, nawe ukamrudisha Kaliua kwa sababu shangazi anadai ni laana yangu, binti aliyekataa posa. Basi soma ninachojifunza hapa chuoni. Seli haigawanyiki ovyo. Kuna kimeng'enya kinachoisukuma. Kikishaundwa bado kimelala. Hubandikwa fosfeti ndipo kiamke. Fosfeti nyingine, ikibandikwa mahali pengine, hukizuia mpaka ibanduliwe. Kwenye saratani udhibiti huo umevurugika, lakini dawa zipo. Mlete Mama Mwanza kabla ya Pasaka. Ukikataa, atakuwa ameuawa na wewe, si na laana.

Binti yako,
Agnetha

Kaliua, 22 Machi 2024

Marahaba. Mama yako yu hai, usimzike kwa kalamu.

Barua nimeirudia mara nyingi. Umeandika kwamba fosfeti ndiyo inayokiamsha. Fosfeti naijua kabla hujazaliwa: imo kwenye mbolea ya tumbaku iliyokusomesha, na inayobaki tunaweka kwenye mahindi. Kwa hiyo nimemkataza ugali wa shamba letu. Anakula vya porini tu, uyoga, mlenda na asali. Mwili umepungua, lakini uvimbe haujakua. Elimu yako imefanya kazi bila hospitali. Usije kumsumbua.

Baba yako

Mwanza, 2 Aprili 2024

Baba, shikamoo. Hali sikuulizi.

Fosfeti imo kwenye uyoga, kwenye asali, kwenye mifupa yako. Seli haisubiri mbolea. Huunyimi chakula uvimbe, unamnyima Mama. Katika barua nzima ulichukua neno moja ulilolijua, ukaacha sentensi iliyosema mlete. Mpe ugali leo. Jumamosi mjomba Wilbroad atatoka Bukene kuja kumchukua. Ukimzuia, nitakuja na polisi.

Binti yako,
Agnetha

Kaliua, 16 Aprili 2024

Marahaba.

Shemeji yangu alikuja. Nilisimama mlangoni nikamwambia mgonjwa hatoki. Akanitania kwamba siku hizi namchunga dada yake porini kama mbuzi. Hakuna aliyecheka. Mama yako akatoka na kifurushi chake, akasema, "Baba Agnetha, nina njaa." Hakutaja uvimbe, hakutaja laana. Nikasogea pembeni, wakapita.

Shangazi yako anawaambia watu kwamba nilimnyima mke wangu chakula huku mimi nikishiba. Najua nawe utasema hivyo. Sufuria ilikuwa moja, Agnetha. Alichokula ndicho nilichokula, na suruali sasa naifunga kwa kamba.

Usiniandikie tena habari za seli. Dawa zikimsaidia, usinijulishe kwamba ulikuwa sahihi. Niambie tu anakula nini.

Baba yako

Mwanza, 9 Mei 2024

Baba, shikamoo.

Ugali na dagaa. Alimaliza.

Binti yako