Risasi Haina Sumu

Bura, Taita
Jumapili, baada ya kanisa

Kaka Nzioka,

Nakusalimu wewe na wote waliomo bomani. Magoti ya mama yanaendeleaje na baridi hii? Mimi ni mzima, nakula, nalala. Mvua huku ilikatika mapema lakini maharage yalikomaa, na habari ya maharage ndiyo habari yangu.

Uliniuliza kama bunduki imenisahaulisha upinde. Ilikuwa hivi. Mwenye shamba aliniweka kwa majaribio mpaka mavuno: niwazuie kulungu wasimalize maharage, wala nisiache mnyama aliyejeruhiwa katika kichaka ambako wanawake huokota kuni. Nikiacha hata mmoja, narudisha bunduki na kurudi nyumbani. Nikifaulu, napewa nyumba na mke wangu anakuja. Tangu arusi, mimi na Mumbua tumekaa pamoja wiki tatu tu, unajua.

Kabla yangu bunduki ilikuwa kwa Mzee Mwakio, Mtaita aliyepigana Burma. Yeye alipiga kutoka ng'ambo ya bonde, akakosa, na kulungu wakamzoea. Wakisikia mlio walihamia upande wa pili wa shamba wakaendelea kula. Sasa amepewa kazi ya kunisaidia, na hakuipenda.

Siku ya kwanza niliwinda kama ulivyonifundisha. Nilipima upepo kwa vumbi, nikavua viatu, nikamnyemelea dume mmoja mpaka hatua ishirini. Nikapiga. Alianguka, akainuka, akaingia kichakani. Nami nikaweka bunduki chini, nikaketi, nikatoa ugoro.

Mwakio akaja mbio. "Wewe Mkamba, umeketi unafanya nini?"

"Nangoja. Ukimfukuza sasa atakwenda mbali. Mwache alale."

"Alazwe na nini? Risasi haina sumu!"

Nikasimama. Miaka yote ile nilikuwa nimezoea kuiachia sumu ya mshale nusu ya kazi. Damu pale chini ilikuwa matone machache, na upande wa juu wa kichaka nilisikia wanawake wakiitana, wanashuka na kamba zao za kuni. Mwakio akapanda kuwazuia huku akinitukana kwa Kidawida, lugha yao Wataita. Mimi nikafuata nyayo, jani lililopinduka hapa, tone pale, mpaka nikamwona amelala kwenye kivuli, ameelekeza pembe kwenye njia aliyopita. Kulungu aliyejeruhiwa humngoja mtu. Nikaiacha njia yake, nikazunguka hadi upepo ukanijia usoni, nikampiga tena, shingoni. Hakuinuka.

Mwakio alimtazama yule mnyama, akanitazama mimi. "Kufuata unajua," alisema. "Kuketi ndiko kutakuua."

Tangu hapo nimebadilisha mambo. Jioni, saa yetu nzuri ya upinde, haifai tena, maana siku hizi za hali ya hatari serikali inataka bunduki iwe imefungiwa stoo kabla jua halijatua. Tunatoka alfajiri, umande ukingali majanini. Zamani mshale haukuwa na kelele, niliweza kurudi kituo kile kile siku tatu. Sasa nikipiga leo mashariki, kesho nangoja magharibi walikokimbilia. Mwakio hupita chini akipiga debe kuwatimua kulungu, nami nimejibanza penye njia yao. "Nimetoka Burma salama nije nimpigie debe Mkamba!" husema kila asubuhi, lakini hajachelewa hata siku moja. Na nikishapiga, naweka risasi ya pili kabla sijapumua. Kunyemelea na upepo ni vile vile ulivyonionyesha.

Maharage yalivunwa Alhamisi. Hakuna mnyama aliyebaki kichakani na jeraha. Ijumaa nilipewa ufunguo: chumba kimoja cha mabati, jiko nje.

Upinde wa baba usimpe mtu. Upake mafuta, uuning'inize mbali na moshi. Nisalimie mama, shemeji yangu mpika uji, na mjomba Musyoka mchonga mishale. Mwambie hapa angekosa kazi.

Mumbua apande garimoshi Konza, ashuke Voi asubuhi, tutapanda pamoja la Taveta mpaka hapa Bura. Niandikie siku. Likichelewa asiogope: nitakuwa stesheni, nimeketi na ugoro wangu, nangoja. Hapo Mwakio hana la kusema.

Mdogo wako,
Kioko