Salfa ya Unga wa Uji

Kitomanga,
Lindi.
18 Agosti 2024

Mpendwa Mama mdogo Dativa,

Shikamoo. Wiki nzima hii masikio yangu yana sauti moja tu: vuuu, ya mtoto anayepuliza kikonyo cha jani la mpapai. Hata kanisani leo nilikuwa nayo.

Mgongo wako unaendeleaje? Na Baba mdogo Augustine, bado hamezi dawa mpaka umsimamie? Sisi ni wazima. Bibi anakohoa kidogo, maana mikorosho imechanua na kila alfajiri mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, zinanguruma mashambani. Najua unangoja jibu langu kuhusu ile kazi ya ualimu hapo Morogoro. Nitalifikia, nivumilie.

Nilikwambia kwamba watoto wangu wa chekechea waliokota chupa za maji barabarani, tukazikata, kila mmoja akaotesha korosho yake. Miche yote ina majina. Wa Zakia, binti wa Abilahi mpuliza salfa, anaitwa Shemeji. Usiniulize kwa nini.

Jumatatu nilikuwa ndani nabandika picha ukutani nikasikia ile vuuu. Kutoka nje, namkuta Zakia amejifunga leso puani, kikonyo mdomoni, anafukuza wenzake: “Tokeni huko, inawasha macho!” Unga wetu wote wa uji ulikuwa juu ya miche. Tena alikuwa ameinyunyizia maji kwanza, kwa hiyo ulishika vizuri kabisa.

Nilikuwa bado nacheka kuku wa jirani walipofika. Walidonoa unga pamoja na majani, wakaangusha chupa, wakafukua udongo. Shemeji alibaki na jani moja. Watoto walilia, na saa ya uji ilipofika, hapakuwa na uji.

Kesho yake wazazi walinisema, na walikuwa na haki, watoto walirudi na njaa. Mmoja aliniita mwalimu wa mapishi ya miti. Abilahi hakutania. “Mwalimu, mimi nimemleta asome,” alisema. “Salfa atapuliza akikua, tena ataichoka.” Alikuja kumchukua binti yake asirudi tena.

Mama mdogo, chuoni niliandika kurasa na kurasa kuhusu mtoto na mchezo. Mbele ya Abilahi niliziweka kando. Nilimwomba tu apite nyuma ya darasa amwite mwenyewe.

Zakia alikuwa amechuchumaa, anaosha lile jani kwa ncha ya kidole. “Pole, Shemeji. Nilidhani unaumwa.”

Baba yake aliinama akalitazama lile jani. Kisha akamuuliza kwa nini alimwaga maji kabla ya kupuliza.

“Si wewe unasema bila umande haishiki?”

“Kumbe huwa unanisikiliza!”

“Nakusikiliza. Ila yako haiiti kuku.”

Abilahi alicheka mpaka akashika ukuta. Hakumchukua. Jumatano alirudi na mzigo wa fito, akazungushia miche uzio, na watoto wakampa kamba moja moja, wakibishana kuku mdogo anaweza kupenya wapi. Tangu hapo kila asubuhi wanakagua uzio kabla hawajaingia darasani. Sikuwaambia wafanye hivyo. Shemeji ametoa jani la pili, dogo, jekundu kidogo, na jana nilikwenda shuleni kulitazama tu.

Nisalimie Baba mdogo, nisalimie mdogo wangu Scholastica na mwambie mtihani wake nauombea. Bibi anasema mkija Krismasi msilete zawadi, jileteni wenyewe.

Sasa jibu lako. Jana nilimpigia simu yule mwalimu mkuu wa hapo kwenu, nikamshukuru, nikamwomba nafasi ile ampe mwingine. Najua ulivyonihangaikia, ndiyo sababu sikuthubutu kuanza nalo. Ukinikasirikia nitaelewa, ila usinikasirikie muda mrefu.

Na ile ndoo kubwa yenye mfuniko uliyonitumia nifungashie vyombo vya safari, nimeipeleka darasani. Ndimo unamokaa unga wa uji. Zakia amejaribu kuifungua kwa mikono miwili, kwa meno, na kwa msaada wa wenzake wote. Imegoma.

Mungu akulinde wewe na nyumba yako.

Ni mimi mwanao, nikupendaye hata nisipokuja,

Debora